Jibu: Kutoka kodi 3 za bluzi hadi za kijazi

Mkuu, umeuliza utatokaje kwenye kodi (chords, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja) 3 za bluzi (blues) kwenda za kijazi (jazz) bila kupotea, nawe hapo Kirumba unapiga rithimu ya rumba. Basi mkono unao tayari, umebaki mpangilio.

Anza na ufunguo wa A, vipimo (bars) 12, ukitumia kodi zako 3, A7, D7 na E7: A7 vinne, D7 viwili, A7 viwili, kisha E7, D7, A7, E7. Usiharakishe hapa. Hesabu kwa sauti mpaka ujue uko kipimo cha ngapi hata ukiamshwa usingizini.

Utamu sasa. Kipimo cha sita, badala ya kurudia D7, piga D♯dim7 (kodi ya D♯ "diminished"; ♯ ni nusu hatua juu): noti ya D tu ndiyo inapanda nusu hatua, F♯, A na C zinabaki palepale. Naipenda mno hiyo! Cha nane weka F♯7, cha tisa Bm7 (B "minor" yenye 7), cha kumi E7. Sikiliza A inavyopanda A♯ hadi B, ndiyo inayokuvuta. Vipimo viwili vya mwisho: A7 na F♯7, halafu Bm7 na E7.

Mwambie mpiga besi mapema, maana aking'ang'ania D kwenye kipimo cha sita mtagongana.