Kwa wanaoanza kuyeyusha mawe kwa asidi

Wadogo zangu mnaoingia labo hapa Lubumbashi, mtakuta kila mtu anaongelea ICP-MS, mashine inayopima kiasi cha kila elementi kwenye kimiminika. Inastahili sifa, kwani inaona hata sehemu moja katika bilioni. Ila inasoma kile tu kilichomo kwenye kimiminika ulichoipa. Jiwe lisipoyeyuka lote, au uchafu ukiingia njiani, bado itakupa namba inayopendeza macho.

Uangalifu unaanzia kwenye kusaga. Vinu vingi vya mawe magumu ni vya tangsteni kabidi, na kinachoshikanisha kabidi hiyo ni kobalti. Kwetu huku, ambako kobalti ndiyo swali la kwanza la mteja, kusagia humo ni kuharibu jibu kabla ya kupima. Tumia kinu cha akiki, hata kama kinachelewesha kazi. Funika vikombe, maana vumbi la mji huu lina shaba. Tena kila kundi la sampuli liwe na kikombe kisicho na jiwe, chenye asidi zilezile na joto lilelile, kikuonyeshe kilichotoka kwako.

Sasa asidi hidrofloriki. Ndiyo inayovunja silikati, yaani madini yenye silika: silika inageuka gesi na kuondoka. Inakula kioo, kwa hiyo vyombo ni vya tefloni. Nawaomba sana muiogope. Ikiwa imezimuliwa inaweza kupenya ngozi bila kuuma, maumivu yakaja saa kadhaa baadaye, huku inakamata kalsiamu ya mwili; moyo unaweza kusimama. Kabla ya kufungua chupa, uliza jeli ya kalsiamu glukoneti, dawa ya kupaka asidi hii ikikugusa, iko wapi na usome tarehe yake. Haipo? Usifungue, hata mkubwa wa labo akikuharakisha. Ikikugusa: maji mengi, jeli, hospitali mara moja, na umtajie daktari jina la asidi, kwani jeraha hili halitibiwi kama la moto. Umeme ukikatika, feni ya kuvuta mvuke inasimama lakini vikombe bado vina moto na vinafuka. Toka, funga mlango, usirudi kuokoa sampuli.

Dolomiti na malakiti ni kabonati, zinatoa gesi zikikutana na asidi, kwa hiyo zinataka subira. Anza na asidi nitriki, tone kwa tone, kikombe kikiwa wazi. Ukimimina kwa pupa povu linapanda na sampuli inamwagika mezani. Baada ya hidrofloriki, kalsiamu na magnesiamu hufanya floridi nyeupe chini ya kikombe, zinazoficha lantani na elementi adimu wenzake. Kausha, ongeza nitriki, kausha tena, rudia mpaka kimiminika, ukikiinua kwenye mwanga, kionekane safi.

Graniti ni ngumu zaidi. Punje zake za zirkoni, madini yanayobeba zirkoniamu, haziyeyuki kwenye kikombe kilicho wazi juu ya jiko. Zinahitaji chombo cha shinikizo, nyuzi 190 hivi kwa siku kadhaa, au kuyeyushwa kwa moto pamoja na lithiamu metaborati, chumvi inayosaidia jiwe kuyeyuka.

Mwisho, jiwe la rejea, yaani jiwe lenye cheti cha kilichomo ndani yake, la kupimia kazi yako. Wengi huchukua BHVO-2, basalti ya Hawaii. Inayeyuka kirahisi, kwa hiyo kufaulu kwake hakukuambii lolote kuhusu graniti yako. Weka GSP-2, granodioriti ya Colorado, jiwe la jamii ya graniti, kando ya sampuli zako. Zirkoniamu yake ikishuka chini ya thamani ya cheti, usitume matokeo: saga upya, funga kwenye chombo cha shinikizo, anza tena.