Medicare: kubadili mpango wa dawa

Mmeuliza kama mama yenu, mwenye Medicare (bima ya afya ya serikali ya Marekani, hasa kwa wazee), anafungwa na mpango wa dawa aliochagua mwanzo. Hapana, hafungwi. Kila mwaka, Oktoba 15 hadi Desemba 7, mwenye Medicare huko Marekani anaruhusiwa kubadili, na mpango mpya unaanza Januari 1. Shangazi yangu tulimpangia chupa zote mezani, tukaandika jina na kipimo cha kila dawa, ndipo tukalinganisha na orodha ya dawa zinazolipiwa na kila mpango. Ada ndogo ya mwezi isiwadanganye. Dawa moja tu ikikosekana kwenye orodha, huenda mkalipa zaidi. Washauri wa SHIP, huduma ya ushauri kuhusu bima ya Medicare, wapo kila jimbo, hawatozi kitu wala hawauzi bima. Ila Medigap, bima ya ziada ya kampuni binafsi inayolipia gharama ambazo Medicare inamwachia mtu, ni habari nyingine: ile miezi 6 ya mwanzo ya kujiandikisha ikipita, majimbo mengi huruhusu kampuni imkatae kwa sababu ya maradhi.