Nilimwuliza fundi kama tepu itatosha

Swali lenu la wiki hii linasema: "Mwenzi wako akikusema vibaya kuhusu mwili wako, au akikusimanga kwamba hufanyi mazoezi, unakabiliana naye vipi?" Nilitaka kuliruka, ila usiku wake sikulala vizuri. Mmemwuliza anayesemwa. Mimi ndiye niliyekuwa nasema. Mtaniwia radhi basi, nitajibu swali lililo jirani na la kwenu, maana la kwenu lenyewe ni la mke wangu.

Msimamo wangu nautoa mapema: anayesemwa asinyamaze. Amwambie mwenzake siku ileile, wakiwa wawili, bila kuzunguka: hili limeniumiza, usilirudie. Wanaume wengi kununiwa hakutufundishi kitu. Tunaelewa tukiambiwa. Huo ndio ushauri wangu, na sasa nieleze nilikoutoa.

Mwaka 2018 nilikuwa na kilo 96. Nilikwenda zahanati kwa kichwa kuuma, nesi akanipima presha, akanyamaza, akapima tena mkono wa pili. 168 kwa 104. Ikifika 140 kwa 90 tayari wanasema iko juu. Baba yangu aliondoka kwa kiharusi, kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Nikaanza vidonge, nikajiunga na klabu ya jogingi ya mtaani kwetu Tandika, Dar es Salaam. Klabu za Temeke mnazijua: Jumapili alfajiri, fulana za rangi moja, nyimbo za mchakamchaka, mnakwenda kuzunguka Uwanja wa Taifa, ambao wakati huo ulikuwa bado haujapewa jina la Mkapa, kisha mnarudi. Baadaye nikawa nakimbia hata siku za kazi. Mtakumbuka mwaka 2016 Mama Samia, akiwa bado Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi. Kazini kwetu tulijitokeza mara mbili, tukaacha. Safari hii sikuacha. Baada ya miezi 14 nilikuwa na kilo 77.

Kuna jambo vijana wa leo hawalijui. Sisi tuliokua miaka ya tisini, mtu akikonda ghafla hapongezwi. Tuliwaona majirani wakikonda kwa Ukimwi, kisha tukawazika, na macho ya mtaa yalijifunza kuangalia mashavu na shingo. Kunenepa ndiko kulikuwa afya. Mke wangu alipoanza kujaa baada ya ndoa, mama yangu alitembea nalo kwa ndugu wote: mkwe amenawiri, mwanangu anamtunza. Basi nilipopungua kilo 19 mtaa ukaanza kunong'ona. Nikifika dukani mazungumzo yanakatika. Jirani mmoja alimvuta mke wangu pembeni akamwuliza kama shemeji ameshapima.

Mke wangu hakuniambia. Alichofanya ni kuhamisha jiko lake la vitumbua. Siku zote alikuwa akikaangia uani na kuuzia mlangoni. Akalileta kibarazani, barabarani kabisa. Nikirudi kutoka kukimbia, fulana imelowa, wateja wamejaa na mabakuli yao, yeye ananipazia sauti kutoka mbali: "Leo umezunguka mara ngapi?" Nami naitikia, "Mara tatu!" Kila siku. Nikadhani amependa tu kuuliza. Miezi miwili haikwisha, minong'ono ikafa, na wanaume wawili wa mtaa wakaniomba niwapeleke klabuni. Habari ya jirani, na sababu ya jiko kuhama, nilikuja kuambiwa na mdogo wake baadaye sana.

Mwili ulipopungua, mdomo wangu ukafunguka. Hatukuwa tunagombana, na nadhani hapo ndipo nilipojidanganya, kwa sababu niliyasema yote kwa kucheka. Akiinama kufagia: "Nyama uzembe hizo." Akichukua kipande cha pili cha muhogo, namwangalia mkono. Akisema amechoka: "Umechoka na nini, mazoezi yako si kukaa mbele ya karai?" Huyu ni mtu anayeamka saa tisa usiku. Mimi nikifunga kamba za raba, yeye ameshabeba ndoo mbili za lita 20 na amesimama motoni saa nzima.

Na tumbo lenyewe nililijua lilikotoka. Tuna watoto watatu. Wawili wa kwanza, mama mkwe alikuja akamkanda kwa maji ya moto na kumfunga mkaja, kile kitambaa cha kukaza tumbo, siku 40, na maji nilichemsha mimi. Wa tatu alizaliwa kwa upasuaji. Kwa ajili ya kidonda hakukandwa wala hakufungwa, na mama mkwe aliondoka akisikitika, anasema mwanangu tumbo lake limeachwa hivihivi. Nilikuwepo, nilisikia. Tena mwaka 2003 nilipopeleka mahari, mkaja wa mama ulikuwa kwenye orodha, na mshenga alinieleza vizuri kwamba ile ni shukrani kwa tumbo lililombeba mke wangu. Nikatoa bila kupunguza hata shilingi.

Sasa habari ya fundi.

Ilikuwa Agosti 2021. Mtoto wa kaka yangu alikuwa na sendofu, na upande wetu sare ilikuwa kitenge cha kijani chenye maua ya njano. Jumamosi mchana tukaenda kwa fundi karibu na soko la Tandika. Chumba ni kidogo: cherehani mbili, pasi ya mkaa juu ya bati, nguo zimetundikwa mpaka darini, benchi moja la wateja. Kwenye benchi walikaa akina mama wawili, mmoja na mtoto mgongoni. Nikajibana pembeni yao. Fundi ni mzee wa makamo, tepu shingoni, hana haraka. Ana kijana anayejifunza, kazi yake ni kuandika vipimo kwenye daftari wakati mzee anavitaja.

Mke wangu akavua mtandio, akaukunja vizuri, akaniwekea mapajani. Akasimama katikati ya chumba. Fundi akapima bega, akataja. Kijana akaandika. Akapima mkono. Kisha akamwambia, "Mama, inua mikono kidogo," akampitishia tepu kifuani. "44." Akashusha tepu kiunoni. Mke wangu alikuwa bado ameinua mikono, anatazama mlangoni, kama watu wanavyotazama mbali wanapopimwa.

Nikasema, "Fundi, hiyo tepu itatosha kweli?"

Wale akina mama walicheka. Kijana naye alicheka, akainamia daftari. Mimi nilicheka kuliko wote. Mtoto wa mgongoni alishtuka, akaanza kulia.

Fundi hakucheka. Alikuwa ameshika tepu kwa vidole viwili pale inapokutana, hakuiachia. Akasema taratibu, bila kugeuka, "Tepu yangu ina inchi 60, mzee. Haijawahi kushindwa na mtu." Kisha akafanya kitu ambacho mpaka leo nakiona. Hakutaja kipimo. Alikwenda kwa kijana, akachukua kalamu, akakiandika mwenyewe. Cha hipsi pia. Cha urefu pia. Chumba kilikuwa kimya, sauti ni ya kalamu na ya yule mama akimbembeleza mtoto.

Mke wangu alishusha mikono polepole sana. Akanyoosha mkono, nikampa mtandio. Akajifunga. Akamwambia fundi, "Asante, baba. Nitaifuata mwenyewe."

Kwenye bajaji hakusema neno. Nyumbani alipika kama kawaida.

Gauni lilishonwa, likamkaa vizuri, akalivaa kwenye sendofu siku moja, akalikunja. Kuanzia hapo akawa mtu wa madera. Dera la sokoni, dera la kutokea, dera la msibani. Nami nikasema, ndiyo, bado niliendelea kusema, kwamba madera ni ya watu waliojiachia. Taa ya chumbani ikawa inazimwa mapema. Chakula ananitengea, yeye anakula jikoni baadaye. Kushona akahamia kwa fundi mwingine, anakwenda na shoga yake. Haya yote niliyaona. Nilidhani ni umri.

Nilianza barua hii nikiwa na hakika kwamba anayesemwa lazima aseme. Nimefika hapa naona hakika yenyewe imelegea. "Nitaifuata mwenyewe" lilikuwa nini kama si kusema? Alisema kwa fundi, akasema kwa dera, akasema kwa taa. Nikisema hakuniambia, maana yake nilitaka aniambie kwa namna inayonifaa mimi niliyemuumiza: kwa upole, mahali pa faragha, nikiwa na nafasi ya kujitetea. Na utetezi nilikuwa nao tayari, kwamba namhofia presha, kwamba baba yangu alikufa kwa kiharusi. Lakini baba yangu alikuwa mwembamba kama fito, tangu ujana mpaka anaanguka. Na mke wangu tulipopima wote wawili mwaka juzi alikuwa na 118 kwa 76. Mwenye kidonge kila usiku ni mimi, pamoja na mbio zangu zote. Kule kwa fundi sikuwa nahofia kitu. Nilikuwa nimevaa fulana ya klabu, nimekaa wima kwenye benchi, nilitaka wale akina mama waone tofauti.

Na habari ya jiko niliiandika hapo juu kama ya pembeni tu, kuwaeleza mtaa wetu ulivyo. Nimeirudia kuisoma sasa hivi. Mwili wangu ulipokuwa unasemwa, alihamisha jiko zima ili watu waache kunisema. Ilibidi niiandike ndipo niione, nami naishi na mtu huyu tangu 2003.

Nilijaribu kutubu. Mara ya kwanza nilimnunulia raba za kukimbilia, nzuri, za bei. Nikadhani ni zawadi. Alizitazama, akasema asante, akampa binti yetu mkubwa. Mara ya pili nilimwomba radhi chumbani, nikilia, na alinijibu, "Yameisha." Hayakuwa yameisha. Nilikuwa nimemsema mbele ya watu wanne na mtoto, nikaomba radhi mbele ya ukuta.

Kwa hiyo jibu langu, kama bado mnalitaka. Wewe unayesemwa, si kazi yako kumfundisha mtu mzima kwamba maneno yanachoma. Ukinyamaza, usijilaumu. Ukitaka kusema, sema, na kama alikusema hadharani una haki ya kudai ayarudishe hadharani. Lakini hili nalisema kwa nyumba kama yetu, ambayo mkono haujawahi kuinuliwa. Kama kwako masimango yanafuatana na kofi au kunyimwa hela ya kula, usimkabili peke yako. Nenda kwa wazee unaowaamini, nenda Dawati la Jinsia polisi, ndiyo kazi yao. Na wanandoa wanaohofia afya kwelikweli, mwende mkapimwe wote wawili siku moja, maana presha haisomwi kwa macho, na mwenye kuzungumzia uzito awe daktari.

Hata hivyo, nikisema kweli yangu yote, natamani siku ile kwenye bajaji angenifokea. Najua nimetoka kuandika kwamba si kazi yake. Bado natamani. Ningekuwa nimepoteza aibu ya siku moja badala ya miaka yake mitatu.

Mwezi huu ameleta kitenge kipya, cha harusi ya upande wao. Akasema anarudi kwa yule fundi wa zamani, kwa sababu gauni la kijani halijawahi kufumuka hata uzi. Alipolitazama kwa ndani, alikuta fundi ameacha kitambaa cha kutosha kila upande, cha kuongeza au kupunguza mwenyewe akitaka. Mvua ilikuwa inanyesha, akaniomba nimsindikize. Nilisimama nje chini ya bati. Mzee alivitaja vipimo vyote kwa sauti, kijana mwingine anaandika, na ndani mke wangu alikuwa anacheka na mteja mmoja habari za foleni ya Mbagala.

Nilikuwa nimepanga kuingia na kusema nililopaswa kusema. Watu walikuwepo, benchi lilikuwa limejaa. Miguu haikwenda. Jana usiku nilimwambia nilichokuwa nimepanga, nikamwuliza kama ataniruhusu. Alifikiri kidogo huku anaosha mchele wa vitumbua, akasema gauni litakuwa tayari Alhamisi, saa kumi jioni, na kwamba saa hizo pale huwa pana watu wengi.