Kwa nini pupila ya jicho iliitwa "kisichana"

Ndugu, umeuliza neno "pupila", yaani mboni ya jicho, lina uhusiano gani na msichana. Uhusiano upo kweli. Kwa Kilatini "pupilla" ni kisichana au mwanasesere mdogo. Msogelee mtu, mtazame machoni: katikati ya ule weusi utajiona mwenyewe, umekuwa kadogo kama mwanasesere. Jina limetoka hapo.

Wagiriki nao waliiita "kore", msichana. Wahispania bado husema "niña del ojo", msichana wa jicho. Kinachonigusa zaidi ni Kiarabu: "insanu l-ayni", mtu wa jicho. Kiebrania husema "ishon", ambalo wengi hulieleza kuwa kijitu. Lugha za koo mbalimbali, na zote zilimwona mtu ndani ya jicho!