Anayeamua ni mhariri: jinsi ya kuwajibu wahakiki wa jarida

Watafiti chipukizi wengi wakipata kutoka kwa mhariri wa jarida la kitaaluma barua yenye maneno "marekebisho makubwa" hukata tamaa siku hiyohiyo. Nimeandika makala, nimehakiki za wenzangu, na kila anayenijia na barua ya namna hiyo namwambia ashukuru. Mhariri asiyeitaka makala yako hakuzungushi, anaikataa. Akikuomba uirekebishe, ameona kitu cha kuchapisha.

Kinachowapoteza watu ni kudhani kwamba wahakiki, yaani wataalamu wa fani wanaoisoma makala kabla haijachapishwa, hupiga kura. Wahakiki hushauri tu. Mwenye uamuzi ni mhariri. Yeye ndiye msomaji wa kwanza, na makala nyingi huishia mezani pake kabla ya kumfikia mhakiki yeyote, mara nyingi kwa kuwa mada haihusiani na jarida lenyewe. Kwa hiyo soma matoleo ya karibuni ya jarida kabla ya kutuma chochote. Makala inayovuka hapo hutafutiwa wahakiki, kwa kawaida wawili au watatu. Kuwapata ni shughuli, maana kwa kawaida hawalipwi, wana kazi zao, na wengi huukataa mwaliko. Miezi ya kimya unayoihesabu kwa wasiwasi, mingi huishia katika kumtafuta tu mtu wa kukusoma. Ikipita mitatu au minne, kumwandikia mhariri kwa adabu na kuuliza makala imefikia wapi si kosa hata kidogo.

Yapo majarida ambamo mhakiki anakujua nawe humjui, na yapo yanayoficha majina pande zote mbili. BMJ, jarida la tiba la Uingereza, ilianza mwaka 1999 kuwaambia waandishi nani amewahakiki. Kama jarida lako linaficha majina ya pande zote mbili, ondoa lako hata kwenye shukrani na kwenye taarifa za faili, kwa sababu huko ndiko linakosahaulika.

Sasa tuje kwenye barua ya majibu, ambayo kwa maoni yangu ina uzito sawa na makala yenyewe. Nakili kila hoja ya mhakiki neno kwa neno, jibu chini yake, kisha onyesha ulipobadilisha. Tuseme mhakiki wa pili ameandika: "Mwandishi haelezi kwa nini amewaacha washiriki ambao hawakumaliza dodoso." Jibu baya ni hili: "Jambo hili limekwisha kuelezwa ukurasa wa 5." Hata kama ni kweli, umemwambia mtu aliyejitolea muda wake kwamba hakusoma, na hujamsaidia msomaji wa kesho ambaye naye atapapita hapohapo bila kupaona. Jibu zuri ni hili: "Tunashukuru kwa hoja hii. Tumehamishia maelezo mwanzoni mwa sehemu ya mbinu (ukurasa wa 6, mstari wa 112 hadi 119). Pia tumerudia uchambuzi tukiwajumuisha washiriki hao. Matokeo hayakubadilika, kama inavyoonekana katika Jedwali la 3." Mhariri akilisoma hilo hana haja ya kufungua makala ili ajue kwamba umefanya kazi.

Je, unaweza kumpinga mhakiki? Ndiyo, na mara nyingine ni wajibu wako. Pinga kwa data na hoja, na isiwe kila hoja, maana anayekataa yote haonekani kuwa amesikiliza. Wahakiki wawili wakivutana, mmoja akitaka sehemu ifupishwe na mwingine irefushwe, mwandikie mhariri umweleze njia uliyochagua na sababu zake. Na mhakiki akidai unukuu rundo la kazi za mtu mmoja zisizohusiana na mada yako, mweleze mhariri faraghani. Hilo ni suala la maadili, na wahariri makini hulichukulia hivyo.

Hasira nazielewa. Mwaka 1936 Albert Einstein na Nathan Rosen walipeleka kwenye jarida la fizikia la Physical Review makala iliyodai kwamba mawimbi ya mvutano (graviti) hayapo. Mhariri akampelekea mhakiki, naye akaona kasoro. Einstein alikasirika kwamba makala imeonyeshwa mtu mwingine kabla ya kuchapishwa, akaiondoa. Ilipotoka mwaka uliofuata katika jarida lingine, hitimisho lilikuwa limegeuzwa: kasoro ilikuwepo kweli. Mhakiki yule alikuwa Howard Robertson, ambaye baadaye alimweleza tatizo lile msaidizi wa Einstein ana kwa ana. Ndiyo maana nasema barua ya wahakiki isomwe mara moja, iwekwe kando siku mbili tatu, kisha isomwe tena kwa kalamu mkononi. Hoja iliyokuudhi zaidi mara ya kwanza mara nyingi ndiyo yenye kazi ya kufanywa.

Makala ikikataliwa kabisa, usiitume kwingine siku ileile kama ilivyo. Fanya kwanza masahihisho yote unayokubaliana nayo, hata kama hakuna aliyekuomba tena. Wataalamu wa fani moja ni wachache, na jarida la pili linaweza kabisa kumpelekea mhakiki yuleyule. Mimi limenikuta nikiwa upande wa mhakiki: makala niliyoitolea kurasa mbili za maoni ilinirudia kutoka jarida jingine bila nukta kubadilika. Nilimweleza mhariri kwamba nilikwisha kuisoma kwingine, nikamwambatishia maoni yangu ya awali, kwa kuwa hapakuwa na jipya la kusema.