Mfumo umezinduliwa, fungu limefungwa: fedha zinavyoua mifumo ya serikali

Swali ni hili: kwa nini mfumo wa kompyuta wa taasisi ya umma, uliojengwa kwa fedha nyingi na kukabidhiwa bila dosari, unadorora baada ya miaka miwili? Kabla ya kumlaumu mkandarasi, fungueni kitabu cha bajeti.

Mifumo mingi hulipiwa kutoka bajeti ya maendeleo, kama jengo: inajengwa, inakabidhiwa, fungu linafungwa. Lakini kanuni za kodi hubadilika, matundu ya usalama hugunduliwa, leseni za hifadhidata huisha, na huduma ya wingu, yaani seva za kukodi kupitia mtandao, hudai malipo kila mwezi. Yote hayo hulipwa kutoka bajeti ya matumizi ya kawaida, na huko hakuna aliyeongeza kitu. Makadirio yanayotumika sana katika fani hii ni 15 hadi 20% ya gharama ya ujenzi kila mwaka kwa matengenezo. Kwa miaka 5 hiyo ni robo tatu ya gharama ya kujenga, au hata gharama nzima.

Fedha za wafadhili zina ugonjwa wake. Kitengo cha mradi huajiri wataalamu kwa mikataba. Mradi ukifungwa, wanaondoka na kila walichokijua. Wekeni watumishi wa kudumu ndani ya timu tangu mwezi wa kwanza, tena wawe wanaandika msimbo (maagizo ya programu), si kuhudhuria vikao tu.

Mkandarasi akijenga kwa mtaji wake na kulipwa ada kwa kila muamala, serikali inapumua mwanzoni. Shida ni kwamba hana sababu ya kupunguza miamala isiyo ya lazima. Mkataba utaje mapema nani anamiliki msimbo na data, nani anashika funguo za seva, na bei ya kuachana.

Marekani ilijaribu njia nyingine kwa sheria ya 2017: mfuko wa kuboresha teknolojia uliotoa fedha kwa awamu kadiri hatua zilivyotimia, na taasisi kurejesha ndani ya miaka 5. Awamu ni jambo jema sana, kwani mradi mbovu unasimamishwa mapema. Urejeshaji ndio mgumu. Unamfaa anayezima mfumo wa zamani wenye gharama kubwa, lakini kazi ya usalama haizalishi akiba ya kulipia deni. Mwaka 2021 mfuko ulipoongezewa dola bilioni 1, masharti ya kurejesha yalilegezwa.

Kwa hiyo zabuni isitangazwe kabla hazina haijathibitisha kwa maandishi kasma (fungu la bajeti) ya uendeshaji ya miaka 3. Awamu ya kwanza iwe ndogo, ya kujaribu huduma moja na watumiaji halisi. Na tengeni fedha za kuendesha mfumo wa zamani na mpya sambamba wakati wa kuhamisha data. Fungu hilo husahaulika kuliko yote, na likikosekana mfumo wa zamani huzimwa kabla kumbukumbu hazijahakikiwa.