Kabla hujalipia chumba Salt Lake City, nisikilize dada yako

Juzi msomaji mmoja, binti aliyepata chuo Salt Lake City, ameniandikia: "Dada, nimeona chumba mtandaoni, bei poa. Mwenye nyumba anataka hela leo. Nilipe?" Nilipoona anwani moyo ukanilipuka. Ni mitaa michache tu kutoka chumba changu cha kwanza.

Mimi nililipa. Utah, jimbo la Marekani uliko mji huu, nilikuwa naijua kwa picha tu: theluji kileleni, anga ya bluu, maua uani. Picha za mwezi wa tano hizo. Hakuna aliyeniambia kwamba mji umekaa ndani ya bakuli, milima ya Wasatch mashariki, Oquirrh magharibi, na Ziwa Kuu la Chumvi upande wa kaskazini-magharibi. Majira ya baridi hewa baridi inalala bondeni, ya joto inakaa juu yake kama mfuniko wa sufuria, na moshi wa magari na viwanda unakosa pa kutokea. Januari yangu ya kwanza nilikaa siku tisa bila kuuona mlima ulio mbele ya dirisha langu. Nilikohoa mpaka mbavu zikauma.

Siku ya kumi mama mmoja wa Bukavu, jirani yangu, aliniambia, "Vaa koti, twende." Tukapanda na gari kuelekea Little Cottonwood, korongo la kwenye milima ya Wasatch. Haikupita nusu saa tukatokea juu ya ule moshi: jua linawaka, watu wamevaa miwani myeusi wanateleza kwenye theluji. Nikatazama chini. Mji wote umezama kwenye kitu chenye rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Nililia, na kilikuwa kilio cha hasira.

Kumbe hewa ipo, ila inalipiwa. Nyumba nyingi za bei mbaya ziko kwenye ngazi za mlima upande wa mashariki, ambazo zamani zilikuwa fukwe za ziwa la kale liitwalo Bonneville. Kazi zetu sisi wageni ziko chini, kwenye maghala ya karibu na uwanja wa ndege. Ng'ambo ya bonde, kwenye Oquirrh, kuna mgodi wa shaba wa Bingham Canyon, shimo la wazi lililoanza kuchimbwa 1906 na sasa lina kina cha zaidi ya kilomita moja. Kwa hiyo uliza chumba kiko upande gani wa reli, mashariki kwenye ngazi za mlima au magharibi kwenye maghala. Uliza hali ya Januari. Narudia, uliza!

Na jifunze anwani. Wamormoni wa Brigham Young walipofika 1847 waliipima mitaa kwa namba kuanzia kiwanja cha hekalu, na kila namba ina upande wake: South ni kusini, East ni mashariki. Usaili wangu wa kwanza ulikuwa 900 South, mimi nikaenda 900 East. Nilifika nimechelewa dakika arobaini, jasho linanitiririka ndani ya koti, na dada wa mapokezi hakunikaribisha hata kiti. Tangu siku ile nikipotea naitafuta Wasatch kwanza, maana huko ndiko mashariki. Siku za moshi, basi, hata dira yenyewe imefunikwa.

Nilipohama, mwenye nyumba alikataa kunirudishia amana yangu. Eti nimeharibu ukuta. Kuvu ile niliikuta! Leo nina nyumba yangu, funguo mkononi, na bado nikipita mtaa ule nageuza shingo. Vijana, msiwe na haraka ya bei rahisi. Mtu anayekuharakisha ulipe leo anajua kitu ambacho wewe hukijui.

Haya yote nilimwandikia yule binti, ujumbe mrefu kuliko makala hii. Akajibu usiku: "Dada, nimeshalipa."

Nimemtumia namba yangu. Nimemwambia Januari ikimbana anipigie, nitakuja na gari.